Nimeihama Kliniki ya Msimamizi Wetu

Nyuma ya soko la mboga,
Leskovac.
4 Desemba 2024

Mpendwa mama mdogo Ljubinka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako mwaka huu linaivumilia baridi ya Malmö kuliko lilivyoivumilia mwaka jana. Bado unapanda ngazi zote kwa ubishi tu wakati lifti ipo? Na baba mdogo Tihomir je, ameacha sigara kweli, au bado anavutia barazani akidhani humwoni?

Sisi huku miili ni mizima. Mama anakusalimu sana. Vuli hii alichoma na kumenya pilipili zote peke yake, akafukuza kila aliyetaka kumsaidia, na chupa zako za achari zimefungwa magazeti zikimsubiri dereva wa basi la Sweden. Anasema safari hii hajaweka vitunguu saumu vingi, kwa hiyo usimlalamikie.

Sasa niseme kilichonikalisha mezani. Nimesikia Bi. Kosara, mama mkwe wangu, amekupigia simu. Usijione umeonewa, amewapigia wote. Amewaambia kwamba nimemvunjia heshima Daktari Vidoje, msimamizi wetu wa ndoa, mbele ya watu, na kwamba nimeukata undugu ambao babu yake mume wangu Uglješa aliufunga na babu yake Vidoje. Siwezi kusema anaongopa. Ndivyo ilivyotokea. Ila kwenye simu hakukuambia kwa nini, na mimi nisingependa uijue habari hii kwa mdomo wake peke yake.

Unakumbuka tulipokaa muda bila mimba, mimi na mume wangu, hakuna aliyetuuliza tutakwenda kutibiwa wapi. Vidoje ana kliniki ya uzazi pale Niš. Wanawake wengine huulizana, husoma mitandaoni, hulinganisha daktari huyu na yule kama mtu anayenunua friji. Sisi tulikwenda kwa Vidoje kwa sababu alisimama nyuma yetu kanisani akiwa ameshika mshumaa. Kwenda kwingine kungekuwa kumtukana. Hata kumuuliza ni wanawake wangapi wametoka kwake na mtoto kungekuwa kumtukana. Na juu ya hayo, kama ujuavyo, mkewe Slavka ndiye mkuu wa ofisi yetu ya ardhi, na ndiye aliyenitafutia hiki kiti ninachokalia. Kwa hiyo nilinyamaza, nikapanda gari, nikaenda.

Mama mdogo, sijui niandike vipi jambo hili bila kuona haya, lakini wewe ulikuwa nesi, utanisamehe. Mara ya kwanza nilikuwa nimelala kwenye kile kitanda chao, miguu imetundikwa juu, nimefunikwa shuka fupi. Vidoje akaingia anatafuna. Akaniinamia palepale nilipo, akanibusu mashavuni mara tatu, kama inavyopasa kusalimiana na msimamizi. Midomo yake ilikuwa na mafuta ya burek, ule mkate wa nyama. Nilibaki na mafuta yale shavuni muda wote, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inashikilia shuka.

Halafu akasimama akatazama ukuta. Kazi yote aliifanya msaidizi wake, kijana ambaye hakuwahi kunitajia jina, na Vidoje akawa ananiuliza habari za gari la Uglješa, kama limepata matairi ya baridi. Kila safari ilikuwa hivyo. Wanawake tuliokaa nao kwenye benchi walikuwa wakisimuliana jinsi walivyopigwa picha ya mirija ya uzazi kwa dawa ya rangi, kwamba inauma, kwamba haiumi. Nikamuuliza mbona mimi sijapigwa.

"Hiyo ni ya wageni, Zorana," akasema. "Wewe ni wa nyumbani. Nikianza kukupekua huko ndani, Uglješa nitamtazamaje usoni?"

Nikaona ni adabu. Nikamshukuru, mama mdogo! Alinitoa mayai, akanipandikiza viinitete mara mbili, na mara zote mbili ikatoka damu. Akasema Mungu hajapanga. Bi. Kosara akasema labda ni kukaa ofisini kwenye kiti cha chuma. Ninachotaka ukishike ni kwamba vilibaki viinitete viwili tu, mimba changa hizo, vimegandishwa kwenye mtungi wa baridi pale kwake, na daktari mwingine akaniambia baadaye kwamba kunitoa mayai mengine si jambo la kutegemea.

Huyo daktari mwingine nilimpata kwa kuzunguka. Nilianza kwa kosa. Mwezi wa tisa nilimwambia Uglješa nina semina Belgrade, nikaenda na mama kwenye kliniki moja inayotangazwa kila mahali. Sitaitaja, ninaogopa mawakili wao. Mlangoni kuna chemchemi. Kuna makochi meupe na manukato yanayokukaa kooni. Ukuta mzima una picha za watoto waliozaliwa kwa msaada wao, na mama akawa anafuta machozi akiwatazama, mpaka nilipomwona mmoja ninayemfahamu. Yuko kwenye pakiti ya nepi katika duka la chini ya nyumba yetu. Ni yeye kabisa, na jino lake moja.

Daktari hatukumwona. Tulimwona binti mwenye kucha ndefu aliyetufungulia kitabu cha picha kama muuza makabati ya jikoni. Kulikuwa na huduma ya fedha, huduma ya dhahabu, na ya dhahabu ilikuja na mpiga picha wa siku ya kupandikiza. Mama akamuuliza, "Mwanangu, na huyo mpiga picha anasimama upande gani?" Binti hakucheka. Kwa wiki nzima alinipigia simu kazini akiniita "mpenzi," akiniambia nafasi zinakwisha. Slavka alikuwa anapita nyuma ya kiti changu, nami najibu, "Ndiyo, kiwanja hicho kimepimwa, asante." Kila nilipokata simu nilitamani kwenda kunawa.

Ndipo nikaenda hospitali ya serikali, hukohuko Belgrade. Hapo hakuna chemchemi. Kuna foleni, na choo ambacho mlango wake unaushikilia kwa mguu, na nesi aliyepiga kelele jina la ukoo wetu ukumbi mzima usikie: "Cvetković! Ingia, vua, usilale usingizi huko!" Nilitaka kukimbia. Lakini daktari mwenyewe, Daktari Hristina, mama wa makamo asiye na tabasamu hata la bahati mbaya, hakunibusu. Alinawa mikono. Kisha akaitazama skrini kwa muda mrefu hata nikafikiri amesinzia.

"Nani alikuwa anakutibu?" akauliza.

"Msimamizi wetu wa ndoa."

"Sijauliza undugu. Nimeuliza nani alikuwa anakutibu."

Akanigeuzia skrini. Mrija wangu wa kushoto umevimba, umejaa maji, na maji hayo hushuka kwenye mji wa mimba na kusafisha chochote kilichowekwa. Wala si ugonjwa wa ajabu. Unaonekana ukitazamwa. Mrija unakatwa kwanza, ndipo unapandikiza. Aliniuliza vimebaki vingapi, nikamwambia viwili. "Basi huyo ndugu yako asiviguse," akasema. "Akiviweka sasa, ni sawa na kuvimwaga."

Vidoje alikuwa amekwisha kunipangia kupandikizwa Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu. Ili kuvihamisha ilihitajika saini yangu na ya Uglješa. Yangu niliiweka siku ileile, kwenye basi, juu ya paja.

Uglješa nilimweleza yote, semina ya uongo na mrija wa kweli. Akakaa kitandani.

"Zora, nitamwambia nini? Huyu ni msimamizi."

"Mwambie hakunitazama."

"Hakukutazama kwa sababu ya heshima!"

"Basi heshima yake imekula wawili. Unataka iwale na hawa wawili waliobaki?"

Akasema tungoje sikukuu ipite, maana msimamizi huwezi kumkalisha meza kuu huku umemfichia karatasi ya namna hiyo mfukoni. Nikakubali. Unanijua, naogopa hata kumwambia mtu wa basi kwamba ameketi nafasi yangu.

Sikukuu yenyewe, kwa nje, ilikuwa nzuri. Padri alikuja mapema akaubariki mkate na ngano tamu, watu wakajaa, Bi. Kosara alikuwa amepika tangu Jumatatu. Vidoje aliketi kichwani mwa meza, ndiyo nafasi yake, na Slavka kando yake. Mimi nilikuwa nazunguka na sinia. Alipofika glasi ya tatu ya pombe ya plamu akagonga uma kwenye sahani.

"Jumatatu," akasema, "tunamleta mrithi wa nyumba hii. Msiwe na wasiwasi! Mayai ya huyu Zorana ni kama plamu zilizopigwa na mvua ya mawe, lakini mpishi ni mimi."

Padri alitazama kitambaa cha meza. Wengine wakacheka. Nilikuwa nimeshika sinia la nguruwe wa kuchoma, na ule mvuke wa mafuta ukawa unanipanda puani.

"Nitamtengeneza mimi," akaendelea, akihesabu kwa vidole vinavyong'aa mafuta. "Nitambatiza mimi. Jina nitatoa mimi, ni haki yangu, na ataitwa Svetozar, kama marehemu baba yangu. Uglješa, wewe kazi yako ni kuchinja nguruwe tu!"

Ami yake Uglješa kutoka Vranje akapiga meza. "Basi, msimamizi, hata sura afanane na wewe!"

Hapo ndipo nyumba ilipopasuka kwa kicheko. Slavka alicheka mpaka akajifuta macho. Bi. Kosara alicheka huku akiniangalia kama anaomba nisiharibu. Sikushangaa. Nilimtazama Uglješa. Alikuwa anacheka, mama mdogo. Si kicheko kikubwa. Alionyesha meno na mabega yake yakatikisika, akainua glasi kumgongea Vidoje.

Niliweka sinia, nikatoka uani, nikatapika kando ya kuni. Kisha nikafungua bomba nikanawa shavu, hili la kulia, nikalisugua kana kwamba yale mafuta ya burek yalikuwa bado yapo. Nilijionea kinyaa mwenyewe kama chombo kilichoachwa mezani kila mtu atie kidole. Nikarudi ndani, nikagawa keki. Ndivyo nilivyo. Niligawa keki.

Wageni walipoondoka nilimwambia Uglješa jambo moja tu: Jumatatu nakwenda Niš, lakini sipandi kitanda. Naenda na ile karatasi. Akitaka atie saini, asipotaka anirudishe kwa mama na si nyumbani kwake. Alikuwa anakunja viti.

Jumatatu aliendesha gari mpaka Niš. Sikujua moyoni mwake mna nini na sikuuliza, kwa sababu niliogopa nikiuliza nitaanza kulia, na nikianza kulia nitapanda kitanda. Pale kliniki palikuwa na wanawake watano sita kwenye benchi. Vidoje akatoka ofisini mikono imetanuliwa, na kama ujuavyo, msimamizi na aliowasimamia huitana kwa jina lilelile. "Wasimamizi wangu!" Akaja na midomo yake mbele. Nikarudi nyuma. Akabusu hewa.

Nikamwambia sikuja kupandikizwa. Nikampa karatasi. Akaisoma, akacheka kidogo, akampelekea Uglješa kana kwamba mimi ni mtoto aliyeleta mchoro.

"Msimamizi, mkeo ana nini leo? Homoni hizi! Mpeleke akale kitu."

Uglješa alitazama viatu vyake. Nikajisemea, basi, kwisha, atacheka tena.

"Vidoje," akasema. Hakumwita msimamizi. "Mirija yake uliipima?"

"Nini?"

"Mirija. Ya Zorana. Uliitazama hata mara moja?"

"We Uglješa, una akili? Ningemtazamaje? Ni msimamizi wangu! Nitamfungua mke wa msimamizi wangu nimchungulie kama mwanamke wa barabarani?"

Alisema kwa sauti kubwa kabisa, kwa uchungu wa kweli. Nadhani alitegemea benchi zima litamwonea huruma. Palikuwa na mwanamke mmoja mnene wa Vlasotince, mfuko wa machungwa mapajani. Akauweka mfuko chini taratibu.

"Samahani, dakta," akasema. "Sisi tuliochunguliwa hapa, kumbe ndio wa barabarani?"

Binti mwingine, mwembamba, wa pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi mume wangu alikuwa naye jeshini. Mimi pia hakunipima." Yule wa Vlasotince akamgeukia. "Inuka, mwanangu, ukadai faili lako. Na langu nikabidhiwe. Nilimletea mtu huyu kahawa na konyagi kila safari!"

Wakaanza kuinuka. Vidoje alikuwa anasema "Akina mama, akina mama," huku anamwangalia Uglješa tu. "Ukitia saini hiyo," akamwambia, "usinijue. Babu zetu watageuka kaburini."

"Wageuke," Uglješa akasema, na akatia saini kwa kuiegemeza karatasi ukutani, juu ya kalenda ya kliniki. Kalamu ilikuwa inakataa, akaiandika mara mbili.

Usifikiri tulitoka kishujaa. Kwenye gari alilia, akilia kwa ajili ya Vidoje, waliyekuwa wanavua naye samaki, na mimi nilikaa nikitazama dirishani nikiwaza: unamlilia yeye. Sikuweza hata kumgusa bega. Kile kicheko cha mezani bado kilikuwa kwenye gari pamoja nasi.

Vile viwili vimehamishwa wiki iliyopita, kwa gari maalumu, vimefika salama Belgrade. Mrija utakatwa Januari, baada ya Krismasi yetu. Daktari Hristina hajaniahidi chochote. Nilipomuuliza kama kuna matumaini alisema ana wagonjwa wengine nje. Slavka amenihamisha kutoka dirisha la wateja kwenda ghala la ramani, chini, penye unyevu. Hanisalimii. Ninaogopa mwezi ujao ataniondoa kabisa, na kila bahasha ikija mezani naigeuza kwanza nione imetoka kwa nani. Bi. Kosara ametundika kitambaa juu ya picha ya harusi yetu kwa sababu Vidoje yumo. Usimkasirikie sana. Kwake yeye nimebomoa nyumba.

Jambo la mwisho, kisha nikuache. Jana tulikwenda wote wawili hospitali ya serikali kuvipokea rasmi. Nesi yule wa kelele akatupa fomu, na katikati yake kuna swali: mkitengana, viinitete vitakuwa vya nani? Nilisoma nikapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Uglješa ndiye aliyekuwa na kalamu. Hakuniuliza wala hakufikiri. Akaandika, kwa herufi kubwa kama anazoandika kwenye masanduku ya vipuri kazini kwake: VYA MKE WANGU. Akaisukuma karatasi kwangu.

"Nilicheka, Zora," akasema, taratibu, nesi asisikie. "Nilijisikia mwenyewe nikicheka."

Nilitia saini chini ya jina lake. Tumerudi Leskovac, tumekula supu, ameosha vyombo, na mpaka naandika mstari huu sijamjibu. Sijui nitamjibu nini, lakini leo asubuhi alipopita jikoni sikusogea kumpisha, na yeye pia hakusogea, tukabaki tumesimama begani kwa bega tukingoja kahawa ichemke.

Nisalimie baba mdogo Tihomir na umwambie moshi wa sigara unaonekana hata kutoka ghorofani. Nisalimie Jovanka na wanawe, na yule jirani yenu mzee anayekupa samaki wa chumvi. Mama anasema analiombea goti lako. Mimi naomba Mungu akulinde wewe mzima, miguu yote miwili, ngazi zote, mpaka majira ya joto tukuone hapa uani. Na wewe, kama bado unawasha mishumaa pale kanisani kwenu, washa mmoja, usiseme kwa sauti ni wa nini.

Mimi wako, ninayekupenda na kukukosa kila siku,
Zorana